Kufundisha kwa riwaya ya picha: wafundishe kwanza kusoma picha yenyewe

Walimu wengi wakijaribu riwaya za picha darasani (vitabu vinavyosimulia hadithi ndefu kwa michoro ya visanduku na maneno ya wahusika ndani ya viputo, kama komiki) wanakutana na kitu kilekile, wanafunzi wanavipokea vitabu kwa furaha, darasa linatulia, alafu haijapita hata nusu saa mikono iko juu, "mwalimu mi nimemaliza". Ukiwauliza wanakupa stori vizuri tu, nani kamwambia nani nini, nani kaondoka nani kabaki, ila ukiuliza kwa nini ukurasa fulani hauna neno hata moja wanabaki wanakutazama. Wamekimbiza viputo vya maneno kutoka cha kwanza mpaka cha mwisho, picha wamezipita juu juu. Hapo mwalimu anakata tamaa, anasema hivi vitabu vyepesi mno, anarudi kwenye riwaya ya kawaida.

Kitabu hakina shida jamani. Mtoto kafundishwa kusoma herufi miaka na miaka, lakini kusoma picha hamna aliyemfundisha, kila mtu anachukulia kwamba macho yanatosha. Hayatoshi. Kazi yako kubwa hapa ni kuwapunguzia mwendo mpaka waanze kuona, na hatua zote nitakazoeleza zinazunguka hapo hapo. Nimeandika nikiwafikiria zaidi wanafunzi wa kuanzia miaka 10 kwenda juu, kwa wadogo zaidi utapunguza mwenyewe.

Hatua ya 1: Kisome mwenyewe, mara mbili

Mara ya kwanza soma kwa raha zako. Mara ya pili soma na penseli na karatasi za kubandika, unatafuta vitu viwili.

Cha kwanza ni kurasa za kufundishia. Sio kila ukurasa unafaa, tafuta kama nne au tano ambazo picha inasema kitu ambacho maneno hayasemi, au bora zaidi picha inayapinga maneno, mhusika anasema "niko salama" huku mkono wake umekunja kitambaa cha meza. Kurasa hizo ndo vipindi vyako, zilizobaki watasoma wenyewe.

Cha pili ni picha zitakazokuletea kesi. Riwaya ya maandishi ikisema "walimpiga" kila msomaji anaona kwa kiasi chake, ila picha inawaonyesha wote kitu kilekile, alafu ukurasa mmoja unaweza kupigwa picha kwa simu ukatembea bila kitabu chake na bila maelezo yako. Januari 2022 bodi ya shule za kaunti ya McMinn huko Tennessee, Marekani, iliiondoa Maus, riwaya ya picha kuhusu mauaji ya Wayahudi, kwenye masomo ya darasa la nane kwa madai ya lugha chafu na picha ya utupu, na hicho ni kitabu kilichopewa tuzo maalumu ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani, mwaka 1992. Kwa hiyo kama kitabu kikubwa namna ile kinaweza kutolewa darasani, chako pia kinaweza. Andika barua fupi kwa mkuu wa shule na kwa wazazi kabla hujagawa nakala: kitabu gani, unakitumia kufundishia nini, kurasa zipi zina mambo mazito, na mwanafunzi ambaye mzazi wake hataki atasoma nini badala yake. Mzazi aliyeambiwa mapema hata kama hakubaliani atakuja kuongea na wewe kwanza.

Hatua ya 2: Chagua kitabu kwa kazi, sio kwa umaarufu

Jiulize unataka wanafunzi wafanye nini nacho. Kama ni historia na darasa lako ni la wakubwa, Maus ya Art Spiegelman inabeba mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi kupitia mazungumzo ya mwandishi na baba yake aliyenusurika, na Wayahudi wamechorwa kama panya, Wajerumani kama paka, hilo peke yake ni mjadala wa kipindi kizima. Persepolis ya Marjane Satrapi inaonyesha utoto ndani ya mapinduzi ya Iran ya 1979, imechorwa nyeusi na nyeupe tupu, na mwanafunzi wa rika la balehe anamwelewa yule binti haraka sana. Aya, ya Marguerite Abouet na mchoraji Clément Oubrerie, ni maisha ya vijana wa Abidjan miaka ya 1970, mapenzi na masomo na majirani, nzuri kwa wanafunzi wakubwa waliochoka kuiona Afrika kwenye vitabu kwa njaa na vita tu. Kwa wa miaka 10 hadi 13 kuna New Kid ya Jerry Craft, hii ndo riwaya ya picha ya kwanza kushinda medali ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka 2020. Na kama darasa lako lina lugha nyingi, au wapo wanaosoma kwa shida, tafuta The Arrival ya Shaun Tan, safari ya mhamiaji haina neno lolote linalosomeka toka mwanzo mpaka mwisho, hapo kila mtu anaanzia mstari mmoja.

Kabla hujaamua fungua kitabu katikati uangalie ukubwa wa maandishi na idadi ya fremu, yaani visanduku vya picha, kwa ukurasa. Ukurasa wenye fremu 12 na viputo vimejaa maneno unachosha kuliko ukurasa wa riwaya ya kawaida, usidanganyike na picha. Angalia pia maandishi kama ni herufi kubwa tupu, vitabu vingi vya namna hii vinaandikwa hivo na baadhi ya wanafunzi wanaohangaika kusoma vinawasumbua. Ukichukua manga, yaani komiki za Kijapani, kumbuka nyingi zinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, toa dakika tano za kulielekeza hilo, la sivyo nusu ya darasa itaanzia mwisho wa stori.

Hatua ya 3: Wape majina ya vitu, machache

Usitumie kipindi kizima kuandikisha istilahi, dakika 15 zinatosha na ziwe mbele ya ukurasa halisi. Fremu ni kila kisanduku cha picha. Mwanya ni ile nafasi tupu kati ya fremu na fremu. Kiputo cha maneno na kiputo cha mawazo wanavijua tayari. Kisanduku cha msimulizi ni yale maneno yanayokaa juu au chini ya fremu bila kutoka mdomoni mwa mtu. Picha ya karibu, picha ya mbali. Mistari ya mwendo.

Mengine yote tayari wanayo kutoka kwenye fasihi na ndo raha ya kazi hii. Ile PUU! au CHUBWI! iliyochorwa kubwa ni tanakali ya sauti. Fremu zilizobadilika rangi ghafla zikarudi utotoni mwa mhusika ni mbinu rejeshi. Maneno yanasema hivi picha inasema vile, hicho kinaya. Mlango uko nusu wazi na ukurasa umeishia hapo hapo unatakiwa ufunue, hiyo taharuki. Mwanafunzi aliyekariri maana ya kinaya kwa ajili ya mtihani anakishika kwa mkono wake akikiona kimechorwa.

Hatua ya 4: Ukurasa mmoja, maneno yamefunikwa

Hapa ndo pa kukaa sana. Kabla hawajaanza kitabu wape ukurasa mmoja tu, viputo vyote umevifunika kwa karatasi nyeupe. Usiwaambie chochote kuhusu stori.

Tuseme ukurasa una fremu tano. Ya kwanza ni jikoni, baba na binti mezani, vikombe viwili, mwanga wa jua dirishani, mlangoni kuna jozi tatu za viatu. Ya pili binti anaongea, baba anaangalia kikombe. Ya tatu ni picha ya karibu ya vidole vya baba vimekibana kikombe. Ya nne binti kasimama, kiti kimeanguka nyuma yake. Ya tano ni jiko lilelile kwa mbali, dirisha jeusi, baba kakaa palepale, kikombe bado kimejaa, mlangoni viatu jozi mbili.

Waachie dakika tatu za kimya kabisa, kuangalia tu, bila kalamu. Dakika tatu ni ndefu na watajigeuza geuza, waache. Alafu uliza maswali matatu ambayo Abigail Housen na Philip Yenawine waliyafanya kuwa mbinu nzima ya kujadili sanaa na wanafunzi: nini kinaendelea hapa? Umeona nini kinachokufanya useme hivyo? Kuna kingine tunachoweza kuona? Hayo tu, na la pili ndo lenye nguvu. Mmoja atasema "wanagombana". Umeona nini? Kiti kimeanguka. Mwingine atabisha, kiti kinaanguka hata ukiinuka kwa furaha, mbona uso wa binti haujakunjamana? Waache wabishane ila kila mtu aonyeshe kwa kidole kwenye ukurasa.

Na ukiwa na subira, mtu ataona viatu. Mara nyingi anakuwa yule mkimya wa nyuma ambaye kwenye maandishi hasemi kitu. Jozi tatu mwanzo, mbili mwisho, kwa hiyo binti kaondoka na hamna fremu iliyomwonyesha akitoka. Alafu swali litakuja lenyewe, mezani wako wawili, jozi ya tatu ya nani? Mmoja atasema ya mama, kalala. Mwingine atasema mama alifariki na baba hajaviondoa. Usichague upande, uliza umeona nini kinachokufanya useme hivyo.

Hapo sasa funua maneno. Binti: "Nimepata nafasi. Naondoka leo." Baba: "Kunywa, inapoa." Basi, hakuna kingine. Waulize maneno yameongeza nini na yameficha nini, na baba amejibu au hajajibu. Darasa ambalo lingemaliza ukurasa huo kwa sekunde kumi limekaa nao kipindi kizima, na kuanzia hapo hawatausoma ukurasa mwingine kama zamani, utawaona wenyewe wanarudi nyuma kuhesabu viatu.

Hatua ya 5: Wapeleke kwenye mwanya

Scott McCloud, mchoraji wa komiki, mwaka 1993 alitoa kitabu cha kuielezea sanaa hii ambacho chenyewe kimechorwa kama komiki, na hoja yake kubwa ni kwamba kati ya fremu na fremu msomaji ndiye anayemalizia tukio kichwani mwake. Fremu moja shoka limeinuliwa, fremu inayofuata ni kelele juu ya mji usiku, mchoraji hakuchora pigo, umelipiga wewe msomaji. Wanafunzi wakielewa hili wanashtuka kweli kweli, manake wanagundua sehemu ya stori waliitunga wenyewe bila kujua.

Zoezi lake ni rahisi. Chukua fremu mbili zilizofuatana, kila mwanafunzi aandike sentensi tatu hadi tano za kilichotokea katikati. Kwenye ukurasa wetu wa jikoni, kati ya fremu ya nne na ya tano ni muda gani umepita? Dirisha lilikuwa na jua sasa jeusi, kikombe hakijaguswa, kwa hiyo baba kakaa pale saa ngapi? Wasome kwa sauti, walinganishe, na anayeandika kitu ambacho picha inakikataa (kwa mfano baba alitoka akarudi, wakati hajasogea hata kiti) wenzake watamsahihisha kabla yako. Hili ni zoezi la kufikia maana isiyosemwa wazi, lile lile ambalo kwenye ufahamu wa maandishi linawatoa jasho, hapa wanalifanya wakifurahia.

McCloud anataja aina sita za mruko kati ya fremu, kutoka sekunde hadi sekunde, kitendo hadi kitendo, mtu au kitu hadi kingine ndani ya tukio moja, tukio hadi tukio la mahali pengine au wakati mwingine, upande hadi upande wa hali ileile, na ule usio na uhusiano wowote wa wazi. Darasa la wakubwa waambie wahesabu mwandishi wao anatumia upi zaidi na kwa nini. Wadogo waachie, hawauhitaji.

Hatua ya 6: Kusoma kitabu chote

Gawa kitabu kwenye vipande, kurasa 20 hadi 30 kwa wakati, na kila kipande kinasomwa mara mbili, mara ya kwanza kwa stori, mara ya pili kwa picha. Watalalamika kwamba wameshasoma. Mara ya pili wape kitu cha kutafuta ili isiwe adhabu: mwandishi amesogea karibu na uso wa mtu mara ngapi na ilikuwa wakati gani, rangi zinabadilika wapi, ukurasa gani una fremu moja tu kubwa na kwa nini pale.

Kusoma kwa sauti kunanoga sana na vitabu hivi kwa sababu viputo tayari vimegawanywa kama tamthilia. Mpe mmoja msimulizi, wengine wahusika, wengine tanakali za sauti, na mmoja awe msomaji wa picha, kazi yake ni kusema kinachoonekana kwenye fremu zisizo na maneno. Hiyo nafasi ya msomaji wa picha izungushe kila mtu aipate, ni ngumu kuliko zote, na kama una mwanafunzi asiyeona vizuri ndo njia ya kumwingiza kwenye kitabu kwa heshima, anafuata stori sawa na wenzake na wala hajatengwa pembeni.

Daftari liwe jepesi. Safu mbili, "nimeona" na "nadhani", na sheria moja kwamba hakuna kuandika upande wa nadhani kabla upande wa nimeona haujaandikwa kitu.

Hatua ya 7: Waandike, wachore, na wewe usahihishe kwa haki

Anza kwa kubadilisha picha kuwa maandishi. Wape ukurasa usio na maneno wauandike kama aya za riwaya. Watagundua haraka kwamba fremu moja imebeba hali ya hewa, umri wa nyumba, hasira ya mtu na saa ya siku, na wao inabidi wachague waanze na kipi. Baadaye geuza, wape aya moja ya riwaya ya kawaida mliyosoma waigeuze fremu nne hadi sita. Hapo swali ni la kukata, maneno gani yanabaki kwenye kiputo na yapi yanakufa kwa sababu picha imeshayasema.

Wasiojua kuchora watagoma, na waelewe, wanaogopa kuchekwa. Waambie mapema kabisa, na uonyeshe ubaoni wewe mwenyewe, kwamba watu wa vijiti wanakubalika, kichwa mviringo, mikono mistari. Alafu hakikisha alama zako zinasema hivyo hivyo. Mimi nagawa 20 namna hii: uchaguzi wa fremu (ukubwa, karibu au mbali, ngapi) alama 6, picha na maneno vinavyosaidiana bila kurudiana alama 6, mwanya unaoeleweka alama 4, na aya fupi ya mwanafunzi kueleza kwa nini kachagua hivo alama 4. Uzuri wa mchoro sifuri. Ile aya usiiruke hata kidogo, bila hiyo utajikuta unampa alama mwenye mkono mzuri na kumnyima mwenye akili ya stori.

Na kama mnasoma riwaya ya picha kwa uzito huu, iingie kwenye mtihani wa darasa. Weka ukurasa mmoja ambao hawajawahi kuuona, uliza maswali matatu ya kuonyesha ushahidi. Kisipotokea kwenye mtihani wanafunzi wanasoma ujumbe wako vizuri tu, kwamba ile ilikuwa burudani.

Masomo mengine na nakala chache

Sio lugha na fasihi tu. Gene Luen Yang, mchoraji wa komiki aliyeshinda tuzo ya Printz, tuzo ya Marekani ya vitabu vya vijana, mwaka 2007 kwa riwaya ya picha American Born Chinese, alikuwa mwalimu, na amesimulia kwamba alipofundisha hesabu akawa analazimika kukosa baadhi ya vipindi aliwachorea wanafunzi somo kama komiki, na wakalipenda kwa sababu waliweza kurudi nyuma kusoma tena walichokosa, kitu ambacho mwalimu anayeongea hawezi kuwapa. Mwalimu wa sayansi anaweza kuwaambia wachore safari ya tone la damu kwenye moyo kwa fremu nane, aliyekosea mpangilio atajionyesha mwenyewe, damu itaruka chumba. Wanaojifunza lugha ya pili nao wanafaidika sana, picha inawapa maana na kiputo kinawapa lugha ya kuongea jinsi watu wanavyoongea kweli.

Nakala zikiwa chache usisubiri. Nakala moja na projekta, au nakala tano kwa vikundi vya kuzungushana, inafanya kazi, manake vipindi vikubwa ni vya ukurasa mmoja mmoja. Kutoa fotokopi kitabu kizima usifanye, hiyo ni kazi ya mtu na sheria za hakimiliki zinamlinda, kurasa chache za kufundishia angalia sheria za nchi yako zinaruhusu kiasi gani. Projekta hamna? Chora zile fremu tano ubaoni kwa vijiti, viatu mlangoni uvichore wazi, wataviona.

Mkimaliza kitabu kiache darasani mahali wanapofika bila kuomba, pamoja na vingine viwili vitatu ambavyo hukuvifundisha, na weka karatasi ukutani ya kuandika ukurasa na alichokiona mtu ambacho darasa lilikipita.